Tepu ya Kiwiko cha Pili

Inspekta Nyanjige alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake pale kituo cha polisi Bariadi: jalada likishafungwa, ndipo yeye huanza kulisoma. Jalada la moto wa kiwanda cha kuchambua pamba lilifungwa jana jioni. Lilikuwa na mlalamikaji, mashahidi wanne, kisu kimoja, kipande cha tepu, na kijana aitwaye Sayi akiwa mahabusu. Kesho saa tatu asubuhi Sayi angesimamishwa mahakamani kwa kosa la kuchoma mali kwa makusudi. Kosa hilo si la mchezo. Mtu huingia gerezani na ndevu nyeusi akatoka nazo nyeupe, akijaliwa kutoka. Mkewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu alfajiri, na chupa ya uji ambayo hakuna aliyeifungua.

"Afande, hilo si limekwisha?" aliuliza askari wa zamu.

"Limekwisha kuandikwa," Nyanjige alijibu, akavitoa vielelezo na kuvipanga mezani.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kiwandani kuna bomba pana la bati linalopitisha pamba pamoja na hewa ya moto, ili pamba ikauke kabla ya kuingia kwenye mashine. Bomba lina viwiko, yaani mahali linapopinda, na kila kiwiko kina kiungo. Jumanne asubuhi kiungo cha kiwiko cha pili kilifunguka, pamba ikamwagika juu ya mota iliyokuwa chini yake, mota ikapata joto, moto ukashika. Marobota arobaini yaliteketea. Yangeteketea yote kama si Mzee Mboje, fundi mkongwe wa pale, aliyezoa pamba inayowaka kwa mikono mitupu mpaka wenzake wakafika na maji. Mikono hiyo sasa ilikuwa hospitali pamoja na mwenyewe, na mji mzima ulikuwa ukimsifu.

Meneja wa kiwanda ndiye aliyemtaja Sayi. Tepu iliyofunga kiungo ilikutwa inaning'inia nyuma ya bomba, upande ambao moto haukufika, na ncha yake imenyooka kama iliyokatwa kwa kisu. Sayi alikuwa na kisu mfukoni. Tena Jumatatu mchana aligombana na meneja, akasema mbele ya watu kwamba mashine ikiwashwa vile itaungua, kisha akatoka getini bila kuaga. Ukiyaweka hayo pamoja, hata mtoto wa shule angemfunga.

Nyanjige alikigeuza kipande cha tepu kwa kibano. Kilikuwa cha kitambaa, cha kijivu, urefu wa shubiri mbili. Mgongoni kilikuwa na masizi. Upande wa gundi ulikuwa mweupe: manyoya ya pamba yamelala humo kwa wingi, yote yameelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, na hayakuwa na masizi hata chembe. Mwishoni tu, upana wa vidole viwili kabla ya ile ncha iliyonyooka, gundi ilikuwa tupu. Akaandika kwenye daftari lake: *Manyoya yaliingia kabla ya moto. Yaliingiaje?* Halafu akaenda mahabusu.

Sayi alisimama alipomwona. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mikono iliyozoea kazi na isiyojua ikae wapi ikikosa kazi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama yake asubuhi.

"Mwangaluka. Kaa. Kiwiko cha pili, nani alikifunga?"

"Bolti nilikaza mimi Jumatatu asubuhi. Tepu sikuweka."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na tepu ya kuweka."

"Stoo ipo. Meneja ameandika kuna maboksi mawili."

"Ipo ya kitambaa, afande. Pale panapita moto, panataka ya alumini. Nikamwambia meneja tusubiri siku mbili. Akasema msimu hausubiri tepu. Ndiyo tukagombana."

"Ukaondoka na kisu."

"Kisu ni cha kazi. Hata leo ningekuwa nacho."

"Sawa. Uliondoka saa sita kiungo hakina tepu. Kesho yake kina tepu. Nani alipanda ngazi?"

Sayi alitazama vidole vya miguu yake. "Sikuwepo."

"Nimeuliza nani."

"Siwezi kusema nisichokiona, mayu."

"Sema unachokidhani. Kesho wanakusimamisha wewe, hawasimamishi dhana yako. Mkeo yuko pale nje tangu alfajiri na chupa ya uji."

Kijana aligeukia ukuta. Alionekana wazi kuwa na jina mdomoni. "Mwambie anywe huo uji yeye," alisema mwishowe. "Mimi sina la kusema."

Nyanjige alikuwa amehoji waongo wengi katika miaka yake kumi na tisa ya kazi, na alichojua ni kwamba mwongo husema sana. Huyu alikuwa anatunza kitu. Alimpenda kwa hilo, na pia alitamani kumzaba kibao.

Kiwanda kiko nje kidogo ya mji, barabara ya kwenda Maswa. Mlinzi wa getini alimwambia bila kusitasita kwamba Sayi alitoka Jumatatu mchana na hakurudi hadi alipokuja kukamatwa. Meneja, Bwana Fredrick, alimpokea ofisini, simu mkononi, shati jeupe limeshavaa vumbi. Kabla hajamkaribisha kiti, alichota pamba kwenye ndoo iliyokuwa mlangoni akakipangusa.

"Samahani, Inspekta. Hapa kwetu pamba ndiyo kitambaa," alisema akicheka. "Tunafutia meza, tunafutia mashine, tunafutia mikono."

Nyanjige aliutazama ule mkono wenye pamba kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akaketi.

"Nani aliamuru mashine iwashwe Jumatatu?"

"Mimi. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Nilimwambia Mzee Mboje wahakikishe kiungo kimefungwa. Saa kumi akaniambia tayari."

"Alisema nani kafunga?"

"Hakusema, na mimi sikuuliza. Fundi wa mabomba ni Sayi."

"Ambaye tangu saa sita hakuwepo."

Fredrick aliweka simu mezani. "Basi aliruka ukuta akaja kuikata. Mwenye macho haambiwi tazama, Inspekta. Ncha ile umeiona mwenyewe."

"Nimeiona. Naomba ngazi."

Alipanda mpaka kiwiko cha tatu, ambacho moto haukukigusa. Kiungo chake kilikuwa kimezungushiwa tepu inayong'aa, imelala juu ya bati bila kikunyanzi. "Hiki nani alifunga?" aliuliza kutoka juu.

"Sayi. Mwezi uliopita, tulipofunga kikaushio kipya. Tepu ilimwishia hapohapo."

Alijaribu kuibandua kwa ukucha. Ukucha ulikubali kuvunjika, tepu haikukubali. Alipofanikiwa kuinua kona ndogo, chini yake palikuwa bati tupu, safi, bila unyoya hata mmoja. Akashuka akaomba sanduku la kazi la Sayi. Ndani yake, pembeni ya spana, kulikuwa na chupa ya spiriti, kitambaa kilichokunjwa vizuri, na kipande cha mbao kilicholainishwa ncha kwa kukandamizia. Kila fundi ana mkono wake, na mkono wa Sayi haukuwa mkono wa kiwiko cha pili.

Duka la vifaa la Lucy linajulikana na kila fundi wa Bariadi, kwa sababu Lucy hauzi kitu kabla hajakuhoji. Nyanjige alimwona kama mwenzake wa kazi.

"Nataka tepu, dada."

"Tepu ya nini?"

"Ya kubandika."

Lucy alicheka mpaka akashika kaunta. "Afande, hiyo ni kama kwenda hospitali ukasema nataka dawa. Unabandika juu ya nini? Bati, mbao, plastiki? Pana moto au pana baridi? Unataka ikae siku moja au msimu mzima? Watu wananiuliza bei kwanza, halafu wanarudi kulalamika."

"Juu ya bati. Pana moto. Msimu mzima."

"Ahaa." Lucy alianza kushusha tepu rafuni, kila moja na tabia yake, kama mama anayewatambulisha watoto wake. Ya kahawia ilikuwa ya maboksi, ukiipeleka juani inakauka na kuchanika. Nyeusi ni ya nyaya, hiyo amwachie fundi umeme. Aliposhika ya kijivu ya kitambaa alitikisa kichwa. "Hii ndiyo mafundi wote wanaipenda, maana ina nguvu na inachanika kwa mkono. Lakini gundi yake ni ya mpira. Ipe moto uone, inageuka uji, inateleza yenyewe. Kwenye moto nakupa ya alumini. Hiyo gundi yake inavumilia. Ila ina maringo, haitaki vumbi wala mafuta. Ufute kwa spiriti, ukaushe, ukandamize."

Nyanjige aliweka kwenye kaunta mfuko wa plastiki wenye kielelezo chake. Lucy aliinama bila kugusa.

"Hii haikushika bomba, afande. Imeshika manyoya. Aliyeweka alifuta kwa pamba. Pamba mbichi ina mafuta yake, halafu inaacha nywele. Hapo hata kama si moto ingeachia tu. Moto umemalizia."

"Na ncha hii, imekatwa kwa kisu?"

Lucy aliinuka. Alivuta tepu ya kijivu, akabana kwa vidole viwili, akachana kwa mpigo mmoja. Ncha ilitoka imenyooka kama rula. "Inafuata uzi wake," alisema. "Kisu cha nini?"

Nyanjige alikichukua kile kipande akakipeleka mlangoni penye mwanga. Pembeni ya ncha, juu ya gundi, Lucy alikuwa ameacha alama ya dole gumba, mistari yote inaonekana. Ni lazima iwe hivyo. Huwezi kuchana tepu bila kuibana, na dole lazima likanyage gundi. Akakigeuza kielelezo, akaliinamia lile eneo tupu la vidole viwili. Sasa alijua kwa nini lilikuwa tupu: ni mwisho wa tepu, uliolala juu ya mgongo wa tepu yenyewe, mahali ambapo bomba halikugusa. Na pale, ilipotakiwa kuwa, palikuwa na alama ya dole. Ilikuwa pana, na mstari mweupe wa kovu uliipasua kati kwa mshazari.

Kwa hiyo hakuna aliyeikata tepu ile ikiwa bombani. Ncha ile ilichanwa na mtu yuleyule aliyeibandika, na alikuwa ameacha saini yake.

"Ya alumini unayo?" aliuliza.

"Ninayo moja, lakini ina mwenyewe." Lucy alivuta boksi dogo chini ya kaunta. Juu yake paliandikwa kwa kalamu nene: SAYI, JINERI, jina ambalo wenyeji hukiita kiwanda cha pamba. "Aliagiza wiki iliyopita, imefika jana kutoka Mwanza. Kila siku alikuwa ananipigia, dada Lucy imefika, dada Lucy imefika. Sasa nasikia eti kachoma bomba. Mtu anayetaka kuchoma bomba analitafutia tepu ya nini?"

Nyanjige aliliandikia boksi hilo hati ya kielelezo. Alirudi kiwandani akaomba mikataba ya mafundi wanaopanda ngazi. Fredrick alileta mitatu. Miwili ilikuwa na saini za kalamu. Wa tatu ulikuwa na alama ya dole gumba la wino wa bluu, pana, na mstari mweupe umeipasua kati kwa mshazari.

Hakuhitaji kioo cha kukuzia, ila alikitumia, na alikitumia mara mbili. Wataalamu wa alama wangethibitisha; yeye alikuwa ameshajua. Moyo ulimwuma kweli, kwa sababu alitamani awe amekosea.

"Ni nani?" Fredrick aliuliza.

"Ni yule uliyemwambia ahakikishe. Bwana Fredrick, na wewe utakuja kituoni tuandike maelezo yako upya. Tutaanzia pale uliposema msimu hausubiri tepu."

Saa kumi jioni aliingia wodini. Muuguzi Monika alikuwa anamalizia kumfunga Mzee Mboje bandeji. Mikono yote miwili ilikuwa imezungushiwa kuanzia ncha za vidole hadi kwenye viwiko. Chini ya kitanda kulikuwa na kuku wawili waliofungwa miguu, zawadi za watu, wanaotazama wagonjwa kwa dharau. Monika alikuwa ameshachoka kuwakataza wageni.

"Mwadila, baba," Nyanjige alimpa salamu ya jioni ya Kisukuma.

"Mwadila, mayu. Karibu. Sina mkono wa kukupa."

Nyanjige aliketi ukingoni mwa kitanda cha jirani kilichokuwa tupu. Hakutoa kalamu. Alitandaza shukani mkataba wenye dole la bluu, na pembeni yake mfuko wenye tepu. Mzee aliitazama tepu, akautazama mkataba, kisha akayatazama mabandeji yake. Alikuwa mwenyeji wa kijiji cha Migato, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, na uso wake haukuwa umezoea kuficha kitu.

"Sayi amesema nini?" aliuliza.

"Hajasema. Nimemwuliza, nikarudia kumwuliza. Kesho anasimama mahakamani, na bado hajasema."

Mzee Mboje alilia hapohapo, bila sauti, na kwa kuwa hakuwa na mkono wa kujifuta, machozi yaliteremka mpaka shingoni. Monika alichukua pamba akamfuta.

"Alikuja kutoka Ipililo hajui hata spana inashikwaje," mzee alianza. "Mimi ndiye nilimfundisha. Sasa Jumatatu anasema mbele ya watu kwamba tepu hii haifai, eti imeandikwa kwenye boksi. Mimi sisomi boksi, mayu. Nimefunga mabomba miaka thelathini. Meneja akasema fungeni, nikasema nitamwonyesha huyu mtoto. Nikapanda. Nikafuta kwa pamba kama siku zote, nikabandika, nikachana. Ikashika vizuri kabisa. Nikashuka nimefurahi."

"Miaka yote hiyo ilikuwa inashika?"

"Inashika. Unaibadilisha msimu ukiisha."

"Miaka yote hiyo bomba lilipitisha hewa ya baridi, baba. Kikaushio kimekuja msimu huu."

Mzee alikunja uso. Ilionekana hakuwa amelifikiria hilo, au alilifikiria usiku na kulikimbia mchana. "Lakini ilishika," alisema tena, polepole. "Nilikosea wapi?"

Nyanjige alimtazama Monika. "Hii plasta inayoshikilia bandeji, ilikubali siku ya kwanza?"

"Wapi!" Monika alisema. "Walimleta wamempaka samli mikono yote, ndugu zake. Kila nikibandika inateleza. Ikabidi nisafishe kwanza, nikaushe ngozi, ndipo ikashika. Plasta haishiki mtu, inashika kile kilicho juu ya mtu."

Mzee Mboje alizitazama zile plasta nyeupe juu ya bandeji zake, moja baada ya nyingine. "Nililipaka bomba samli," alisema. "Kwa pamba."

"Ndiyo, baba."

"Watu walikuja hapa na kuku, wakanishukuru. Nikasema kesho nitasema. Ilipofika kesho, nikasema kesho. Nikasikia wamemshika Sayi, nikasema huyo ana akili, atajitetea, atanitaja." Alivuta pumzi. "Kumbe hakunitaja."

"Sitakudanganya," Nyanjige alisema. "Uzembe nao una sheria yake, na utaulizwa. Meneja naye ataulizwa. Lakini uzembe si kuchoma kwa makusudi. Na aliyezoa moto kwa mikono yake, hilo nalo nitaliandika."

"Andika yote."

Aliandika yote, kurasa mbili na nusu, akamsomea polepole, na pale mzee alipotaka neno libadilishwe alilibadilisha. Monika akasaini kama shahidi. Ilibaki nafasi ya mwenye maelezo. Nyanjige alikuwa ameshatoa kidau cha wino kwa mazoea tu, akabaki nacho mkononi.

Mzee aliinua mabandeji yake. "Dole sina, mayu. Daktari anasema hata likipona, mistari haitarudi." Kisha akaonyesha kwa kidevu ule mfuko wa plastiki juu ya shuka. "Lililobaki liko pale. Tumia hilo."

Nyanjige alifunika kidau. Kwenye nafasi ya saini aliandika kwamba mtoa maelezo hawezi kuweka dole kwa sababu ya majeraha, na kwamba alama ya dole lake gumba imo katika kielelezo namba moja. Alitoka kwenye korido akampigia mkuu wake wa upelelezi, wakazungumza dakika kumi. Aliporudi, mzee alikuwa bado ameketi vilevile.

"Kijana anatoka leo," alimwambia. "Mkewe yuko pale na uji."

Mzee Mboje aliitikia kwa kichwa, akashukuru. "Wabeja, mayu. Mwambie akishakula aje hapa. Asilete kuku." Akaitazama tena tepu iliyokuwa mfukoni. "Aje na boksi la ile tepu yake. Anisomee limeandikwaje."

Boksi lilikuwa kielelezo, na kielelezo hakitoki kituoni mikononi mwa raia. Nyanjige alisema atalileta mwenyewe.